Tangi la Pili

Kaka yangu Rauno aliniachia lori,
deni la saruji, na daftari lenye alama za vidole.

Lori lina matangi mawili.
La kwanza la dizeli, dogo, la kuamshia na kulalia.
La pili ni pipa alilochomelea mwenyewe nyuma ya kiti,
na humo mna Ijumaa zote za Ishpeming:
samaki wa Kwaresima, viazi, mapaja ya kuku,
pete za vitunguu walizokula watu waliokwisha kuachana.
Mafuta machovu, aliyaita.
Yamekaanga, yamechoka, bado yana safari moja.

Daftari linasema, kwa penseli:
Chuja mara tatu. Mguu wa jinzi kuukuu unashinda chujio la dukani.
Maji ni adui. Yaache yatulie wiki nzima,
chota juu, usiwe na tamaa ya mashapo.
Hoteli ya barabarani: chenga tupu, wezi wa chumvi.
Kwa D. Gagnon: masafi. Sijui kwa nini. Anza kwake.
Washa kwa dizeli, ngoja mshale wa joto ufike katikati,
ndipo ubonyeze swichi nyekundu.
Na chini, pamepigwa mstari hadi karatasi ikachanika:
USIZIME KABLA YA KUOSHA KOO.

Yaani ukibakiza maili mbili ufike nyumbani
rudisha dizeli, iyafukuze mafuta mabombani.

Mimi ni mpishi wa shule.
Mafuta nayajua kwa upande wa sufuria.
Hata hivyo mwezi mzima nilikwenda vizuri;
mbwa wa akina Heikkinen walinisindikiza hadi darajani,
na mtoto mmoja kwenye basi la njano
alinusa, akanipungia, akashika tumbo.

Kisha ile Jumanne.
Nilikuwa namwaza. Nikafika, nikazima.

Usiku baridi ilishuka digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Asubuhi injini ilikohoa mara moja tu
kama mtu aliyeulizwa habari za mkewe.
Mafuta yameganda mabombani, meupe, samli kabisa.

Nikavuta waya kutoka jikoni,
nikalala kwenye katoni chini ya lori
na mashine ya kukaushia nywele mkononi,
mimi, Aune, mwenye miaka hamsini na nane,
nikilipulizia bomba hewa moto, nikilitukana Kifini.

Rauno naye alizima ghafla, mwezi wa Novemba,
kwenye foleni ya posta, koo limejaa.
Tulikuwa hatusemezani tangu nyumba ya mama iuzwe.
Miaka miwili.
Na kati ya mlango wake na wangu
maili mbili.

Delphine Gagnon alikuja kwa miguu,
birika kila mkono, blanketi begani.
Hakusema pole. Alisema,
“Lile bomba la kushoto. Nilimwambia alifunge sufi.”
Nikatoa kichwa uvunguni.
“Ulilijuaje?”
Akamimina maji ya moto taratibu, mvuke ukamficha uso.

“Nilikuwa namchujia kabla hajaja,” akasema.
“Kila Alhamisi, kwa kitambaa cha meza. Miaka kumi na moja.
Yeye alidhani mafuta yangu yamezaliwa hivyo.”

Nikaingia ndani, nikaleta daftari.
Nikamwonyesha ule mstari wa Sijui kwa nini.
Akausoma mara moja, akausoma tena,
akafuta kidole kwenye aproni kabla ya kuugusa.

Saa nne na robo lori likawaka.
Tuliliacha lingurume mpaka mshale ukapanda,
nikabonyeza ile swichi nyekundu.
Delphine akaenda kusimama nyuma, kwenye moshi,
amefumba macho, barafu kwenye kope.

“Ijumaa ya wiki iliyopita,” akasema.
“Hizo ni pete za vitunguu.”